Aliyeomba Kula

Kijana asiyejulikana alisimamisha pikipiki kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, barakoa ikining'inia kidevuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ongea ukiwa hukohuko na korona yako."

Kijana alicheka. Ofisi ya kata ilikuwa imemtuma kupita nyumba zenye wanafunzi. "Shule zinafunguliwa Jumatatu. Binti, jiandae!"

Xaveria aliinuka kwenye mkeka wa kahawa, akaenda nyuma ya migomba, akatapika.

Shule zilipofungwa mwezi Machi, kijiji kizima cha Kamuli kililalamika. Yeye alishukuru, kisha akaona aibu kushukuru ugonjwa unaoua watu. Februari, akigombea uongozi wa bweni kule Karagwe, alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Naomba kula zenu." Ulimi wake wa Kinyambo ulikuwa umezichanganya R na L. Tangu siku hiyo akaitwa Kula. Kila alipoinua kijiko bwaloni, meza ziligongwa: "Kula! Kula!" Akaacha kula. Alirudi nyumbani sketi imefungwa kwa kamba, akiwaza mambo ambayo hakumwambia mtu.

Miezi mitatu ya kuchuma kahawa na bibi yake ilimrudishia usingizi, halafu njaa. Siku aliyosimulia yaliyompata, bibi alishangaa.

"Sasa ulikosea nini? Wote tuliowapa kura si ndio wanaokula?"

Xaveria alicheka mpaka akalia.

Jumapili bibi alimpakulia ndizi na maharage. "Niahidi kitu kimoja. Mlo wa kwanza huko shuleni utaumaliza."

"Bibi, huwajui wale."

"Siwajui. Niahidi."

Aliahidi.

Jumatatu jioni bwalo lilijaa. Hakuna kilichobadilika ila ndoo ya kunawia mlangoni. Alikaa na makande yake karibu na Mackrine, rafiki yake pekee. Vero wa kidato cha nne akapanda juu ya benchi.

"Jamani, Kula karudi! Mpigieni kula!"

Meza zikagongwa. Mackrine alibeba sahani yake, akahamia meza nyingine bila kumtazama.

Xaveria alitamani kukimbia hadi getini. Akashika kijiko. Kila kijiko cha makande alikisukuma kwa maji. Machozi yaliangukia sahani, kelele hazikupungua, wala hakuna aliyemtetea. Wenzake walipomaliza kutoka, alikuwa bado anatafuna, polepole, mpaka punje ya mwisho.