Mkojo wa Kaka Mhina

Kaa hapo utulie usikie, na usicheke kwanza, maana Twaha yuko chooni, mlango kautia komeo, mkono huu kopo la vipimo lenye jina lake, mkono huu kachupa ka dawa ya kikohozi kenye mkojo wa kaka yake Mhina, na kazi ni kumimina tu, halafu unatoka, unampa nesi, sista Fausta, unakuwa mtu wa bomba, bomba la mafuta lenyewe sio stori za kijiweni, helpa wa kuchomelea, buti, helmeti, wali na nyama kambini, nani hapa kijijini Mazingara atakuita tena muhuni… ila mkojo wake mwenyewe hautoi, Jumamosi harusini kavuta bangi na wana mpaka kumekucha, na walishaambiwa, kwenye mafuta na gesi hawataki mtu aliyelewa, cheche moja tu watu wanaungua, Deogratius walimkuta na bangi kwenye mkojo, wakamrudisha hivyohivyo na cheti chake cha ufundi, sasa hivi yuko Segera anakimbiza mabasi na machungwa… “Twaha, mwanangu, unakojoa au unachimba kisima?” sista huyo, foleni nzima korido inacheka, nakuja sista, maji hayajashuka… asubuhi Mhina kampa kachupa bila maswali, kamtania tu, chukua dogo, huo mkojo wa mwanaume, mimi tangu nizaliwe sijameza hata panadol… na huu mkono unawasha nini, sisimizi, wametoka wapi tena, wanamtembea kidoleni, wanazunguka kizibo pale kilipovuja, wengine hao wanateremka ukutani kwa mstari kama wameitwa, anawapuliza, wanarudi, ni mkojo jamani sio soda… sisimizi kama wale wa nyuma ya nyumba, pale Mhina anapotoka kukojoa usiku, anatoka mara ngapi, analala na dumu la maji pembeni na asubuhi liko tupu, suruali siku hizi anafunga na kamba, anasema jembe hilo linamkausha, macho nayo yakififia anasema vumbi, na mama anamwaga majivu pale nyuma kila siku kuwafukuza, kama alivyokuwa anamwaga enzi za baba, kabla baba hajakatwa mguu, kabla ya… sukari, Mhina ana sukari, mama anajua, alimwambia akapime akajibiwa mnaniombea ugonjwa, akaenda zake shamba… sasa akiumimina huu, wanapima bangi na magonjwa yote, sukari wataiona leo hii, mtu wa sukari kwenye moto na jua lile nani atamchukua, kazi ndio imekwenda, lakini cheti cha majibu kitatoka, atampelekea Mhina mkononi, huu sio wangu kaka, huu wako, cheti hawezi kukicheka kama anavyomcheka mama… au akojoe wa kwake, amekunywa maziwa siku tatu, wana wanasema yanasafisha, pengine anapita, halafu mshahara ukitoka ndio ampeleke Mhina hospitali, ila ataenda kweli, na mguu wake utausubiri mshahara, na shemeji Zuena na wale watoto… “Twaha, nampa mwingine hilo kopo,” anasema sista, na safari hii hatanii, na Twaha kasimama palepale, kizibo kimefunguka nusu, sisimizi wamefika kiwikoni, kopo ni moja na bado tupu, wewe ungetia wa nani?