Manyoya ya Shingoni

Harufu ya kuku wa kienyeji ilinikuta njiani, karibu na bomba la maji, na nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka kazini na njaa, mwanangu Janefer mgongoni nikimtoa kwa mlezi, nikajiambia: leo kuna jirani anakula vizuri. Kumbe jirani ni mimi.

Bosire, mume wangu, alikuwa amekaa nje na baba yake mdogo, Mzee Onchiri, aliyekuja kutoka Kisii. Mama mkwe wangu alikuwa jikoni akigeuza sufuria. Kamba ya jogoo wangu ilikuwa imelala chini ya mparachichi, haijafunga kitu.

"Baba Janefer," nikasema, "jogoo yuko wapi?"

"Salimia mzee kwanza."

Nikamsalimia mzee kwa mikono miwili, nikainama kidogo inavyofaa. Halafu nikauliza tena.

"Si unasikia harufu?" Bosire akacheka. "Mgeni ni mgeni, mama."

Wacha niseme huyo jogoo alikuwa nani. Kazi yangu ni kufunga nzi. Si nzi wa chooni, nzi wa kuvulia samaki. Unachukua ndoano ndogo kama punje ya mchele, unaizungushia uzi, manyoya kidogo na nywele za sungura, mpaka inafanana na mdudu aliyetua majini. Trauti, samaki wa mito ya baridi, akimwona anapanda juu kummeza, na hapo ameisha. Katika kampuni ninayofanyia kazi mjini Kericho, manyoya hutoka ng'ambo, yamefungwa kwenye pakiti. Sisi wanawake tunafunga tu, na kila tunachofunga kinaondoka na wenye pakiti.

Mimi nilitaka meza yangu mwenyewe, nyumbani, karibu na dirisha. Janefer alisimama mara ya kwanza bila kushikwa, nikaambiwa na jirani anayemlea. Nilimshukuru jirani, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Nikaapa kwamba hatua za kwanza nitaziona kwa macho yangu.

Ndiyo maana ya jogoo. Majogoo wengi manyoya yao ni mapana na laini, yanakunywa maji kama blanketi. Huyu nilimnunua kifaranga sokoni Sosiot, na alipokua, manyoya ya shingoni yakawa membamba, magumu, ya kijivu yenye mistari myeusi. Manyoya ya namna hiyo yanasimama juu ya maji kama miguu ya mdudu. Nilimlea kama mtoto, maana shingo ya jogoo hukomaa polepole. Na Aron, yule kijana anayepeleka wageni kuvua mtoni, alikuwa ameniambia: niletee nzi wa manyoya yako Jumapili baada ya kanisa, wakielea, nitakuwa nanunua kwako. Nilipanga kumng'oa machache jioni hiyo, akiwa hai, bila kumuumiza sana.

Bosire alijua haya yote. Nilimwambia juzi, nikamwambia jana. Aliitikia "mm" huku anatazama mpira kwenye simu.

"Mama," nikamwita mama mkwe, "manyoya mmeweka wapi?"

"Manyoya? Nimetupa kule kwa mbolea. Kwani ulitaka kuyala?"

Nikampachika Janefer mapajani mwa baba yake, nikaenda nyuma ya zizi. Nilipiga magoti kwenye jivu, maganda ya viazi na mavi ya ng'ombe, na sketi yangu nzuri. Maji moto yalikuwa yameyagandamanisha manyoya kama uji uliopoa. Bosire akanifuata, mtoto mkononi.

"Mama Janefer, mgeni anakuona."

"Aone."

"Unaniaibisha."

"Wewe umenichinja, halafu mwenye aibu ni wewe?"

"Ni kuku! Nitakununulia mwingine."

"Nenda sasa hivi. Ukipata mwenye shingo kama ile, nitakupikia mwezi mzima bila kukujibu neno."

Akashusha sauti. "Mzee amekuja kwa mambo ya shamba la baba. Neno lake ndilo litakalonipa sehemu yangu. Ulitaka nimpe sukuma wiki?"

"Ungechinja wa mama yako."

"Wa mama ni wa mama."

"Na wangu ni wa nani?"

  Janefer alimvuta sikio, naye akageuka, akarudi kwa mgeni.

Walipokuwa wakila, sikukaa nao. Nilileta beseni pale pale mbele yao, nikaanza kuosha unyoya mmoja mmoja kwa sabuni ya unga. Mzee Onchiri alikuwa ameshika firigisi, kipande cha mkubwa, akiwa karibu kukitia mdomoni.

"Huyu binti yetu anafua nini?"

Bosire alitazama ugali. Nikaeleza mimi, kwa adabu. Mzee akarudisha firigisi kwenye sahani.

"Kwa hiyo tunakula ofisi ya mtu."

"Ofisi tamu," mama mkwe akasema, akacheka peke yake.

"Bosire, uliomba ruhusa?"

"Mzee, ni kuku tu..."

"Nimekuuliza."

 Mzee akatazama firigisi, akanitazama. "Basi nile, mama, isiharibike," akasema, akala. Angalau yeye aliniomba.

Manyoya mengi yalikuwa yamepinda ncha. Mazima yalitosha nzi wachache. Niliwafunga kabla giza halijaingia, na uzi wetu ni mwembamba kama utando wa buibui; ukiuvuta kwa hasira unakatika. Ulikatika. Nikafunga upya, ukakatika tena. Bosire aliniletea chai. Ikapoa hapo hapo.

Jumapili nilishuka mtoni, pale mashamba ya chai yanapoishia kwenye miti. Bosire alinifuata na mtoto, bila kualikwa. Aron alimfunga nzi wa kwanza kwenye uzi wake, akamrusha. Nzi akazama.

"Hii imekunywa maji, mama."

Wa pili naye akazama. Wa tatu alitua, akasimama. Alitembea juu ya maji kwa miguu yake ya kijivu kama aliyezaliwa hapo. Maji yakapasuka, na Aron akavuta trauti mwenye mstari wa waridi ubavuni, akicheka kama mtoto.

"Hii ndiyo kazi! Niletee nyingi kama hii. Wageni wanakuja mwezi ujao."

Wote wangezama, pengine ningesamehe. Ningesema jogoo alikuwa jogoo tu. Kumbe nilikuwa sahihi, na usahihi wangu uko tumboni mwa watu.

"Hakuna nyingine," nikasema. "Jogoo ameliwa."

"Ameliwa na nani?"

"Muulize huyo."

Aron akaona samaki wake anahitaji kuangaliwa sana, akainama.

"Pole," Bosire akasema.

"Pole haina manyoya. Jogoo wangu alikuwa anaruka ua kwenda kwa Nyambeki, na kuku wa Nyambeki wana vifaranga. Utaenda kwake, halafu nyumba kwa nyumba, utazame shingo."

"Niende kwa watu niwaambie nimekuja kutazama shingo za kuku?"

"Waambie umemla baba, sasa unatafuta watoto."

Aron alishindwa, akacheka mpaka samaki akamponyoka mkononi.

"Vifaranga watachukua muda," Bosire akasema.

"Najua watachukua muda! Mimi ndiye ninayejua! Na muda huo wewe ndiwe utakayewalisha."

"Nitangoja, mama," Aron akasema, safari hii bila kucheka. "Lakini na wengine watakuja kuniuzia."

Bosire alinipa Janefer, akaanza kupanda njia ya chai, mikono mfukoni. Alikuwa amefika mbali kidogo nilipomwita. Akageuka haraka, uso umefunguka, akidhani nimepoa.

"Baba Janefer! Ukimpata wa kijivu, umlete akiwa hai. Kisu kibaki nyumbani!"