Mgawo wa Risasi

Kabagwira alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake kule Gahanga, akichagua maharage na kuwatupia kuku yaliyooza, redio ya jirani ilipotangaza kwamba madini yote ya risasi na zinki nchini yatagawanywa upya kwa mikoa. Ulikuwa mwaka 1991, vita viko mpakani, na redio ilikuwa na mengi ya kusema. Mtangazaji alieleza kwamba kwa muda mrefu mno madini hayo yamekaa ovyo, kila moja mahali lilipojikuta tangu uumbaji, jambo lisilopatana na siasa ya uwiano. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa. Kazi za ofisini ziligawanywa kwa mikoa. Kwa nini mawe yajifanye hayana kwao?

Mkoa wa kaskazini walikotoka wakubwa, ambao hadi siku ile ulisifika kwa viazi na kwa wakubwa wenyewe, ulipewa fungu nono. Mikoa mingine iligawiwa kilichobaki, na kilipokwisha ikagawiwa pongezi.

Kabagwira alisikiliza hadi mwisho, maana risasi iliyotajwa kwanza ilikuwa ya kwake.

Iligunduliwa siku ya mazishi. Mumewe, mwalimu Cassien Twagirayezu, alikuwa ameusia azikwe nyuma ya migomba yake, na wachimba kaburi walikutana hapo na jiwe la kijivu, zito, lenye kung'aa, likawapindia majembe. Walimlaza papo hapo. Habari zikafika mjini, akaja mtaalamu wa madini aitwaye Évode, kijana wa tai na nyundo ndogo. Alivunja kipande, akakilamba, akatema pembeni kwa adabu, akasema ni risasi, chini yake zinki, na ni nyingi. Kisha akampa mjane pole na kuondoka.

"Watamchimbua baba?" aliuliza Umuhoza, binti yao wa pekee, redio iliponyamaza.

"Baba yako hajawahi kupewa kitu na serikali," Kabagwira alimjibu. "Hawataanza leo."

Umuhoza hakucheka. Mwezi uliopita alikuwa amefaulu mtihani wa sekondari kuliko mtoto yeyote wa upande ule, akaambiwa fungu la kwao limejaa.

Ijumaa asubuhi risasi ya Gahanga iliondoka. Ilikwenda polepole chini ya ardhi, kama ng'ombe mzee anayeijua njia. Migomba iliinama ikainuka. Kaburi la Cassien lilikatiza shamba la mtama likiwa na msalaba wake na maua yake ndani ya kopo la maziwa, na Kabagwira akajifunga kitenge akalifuata. Jirani alimpa pole ya safari, akamwomba awaambie wahusika wasikanyage karoti.

Huko Kicukiro barabara ilivimba ikashuka. Magari yaliinuliwa na kuwekwa chini bila kuvunjika kitu, wenye magari wakapiga honi kama kawaida yao. Karibu na kanisa, padri alimtuma katekista aiombe risasi isubiri misa ya ndoa iishe, nayo ikasubiri. Kwenye kizuizi, askari waliliinua gogo kabla haijafika, kwa kuwa amri ilitoka juu. Walilishusha mbele ya Kabagwira.

"Kibali ya kwenda kaskazini iko wapi, mama?"

"Namfuata mume wangu. Yule pale, mwenye msalaba."

"Mume yako iko na kibali," askari alisema kwa upole. "Wewe ndiyo hauna."

Akaketishwa kwenye nyasi pamoja na wengine wasio na kibali, na kutoka hapo akauona msalaba ukipanda kilima cha Kagugu, ukizidi kuwa mdogo, hadi ukazama upande wa pili. Nyumbani alikuta shimo safi, kingo zake zimenyooka kana kwamba limekatwa kwa kisu. Mvua iliponyesha, shimo lilibaki kavu.

Alivumilia majuma machache. Kisha akavaa viatu vya kanisani, akaenda mjini kwenye ofisi ya Évode kumdai mumewe.

Kwenye benchi la kungojea alimkuta mwanamke wa makamo mwenye sweta la sufu na mabuti yenye tope jeusi la volkano. Aliitwa Winifred. Alikuwa mkulima wa kaskazini, ameshuka na lori la viazi, na kibali chake alikikunja ndani ya leso.

"Shamba langu limeumuka kama andazi," Winifred alimweleza. "Viazi vyote vimebingirika kwa jirani. Na juu kabisa kuna mtu amezikwa. Wala simjui. Ana msalaba wa mti, na maua kwenye kopo."

"Maua hayajafa?"

"Nayamwagilia. Ningefanyaje? Mgeni ni mgeni."

Kabagwira aliushika mkono wake. "Ni mume wangu."

"Ah, pole, dada." Winifred alisogea karibu. "Usihofu, analala vizuri. Ila anakoroma kidogo."

"Hata alipokuwa hai alikoroma."

Waligawana kiazi kitamu cha kuchemsha alichokuja nacho Kabagwira. Winifred akasimulia kwamba ana binti, Jovia, aliyefaulu mtihani lakini jina lake halikusomwa, na kwamba alitaka kuuliza na hilo pia. Walipoitwa walikuwa wamekwisha kubaliana waingie pamoja na waseme neno moja: kaburi lirudi kwao.

Évode aliwakaribisha vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kiti.

"Mume wangu ni wa Gahanga," Kabagwira alianza. "Kitovu chake kiko pale. Mkataa kwao ni mtumwa, bwana mkubwa."

"Hakukataa kwao, mama. Amehamishwa." Évode alikunjua mikono. "Jiwe limemshika. Kitaalamu hatuwezi kutenganisha palipoishia risasi na alipoanzia mwalimu. Risasi ikiwa ya kaskazini, naye ni wa kaskazini. Na bon, nikwambie, huko mambo yake si mabaya. Juzi ameteuliwa mwalimu mkuu."

Cassien alikuwa amefundisha tangu ujana hadi mvi. Kila kiti cha mwalimu mkuu kilipobaki wazi aliandaa koti, na kila mara alipewa mtu mwingine, wa mkoa mwingine, naye akalirudisha koti sandukuni. Ndilo walilomzika nalo.

"Amekufa," alisema.

"Hilo linajulikana. Lakini sharti la mkoa amelitimiza."

"Na Jovia wangu?" Winifred aliuliza. "Sisi ni wa kaskazini tangu babu wa babu. Fungu letu ndilo kubwa. Mbona hakupata?"

Évode alilegeza tai. "Fungu ni kubwa, mama, lakini wakubwa nao wana watoto, na wana watoto wa ndugu. Wakishakaa wote, kilima chenu hubakiwa na nafasi moja ya watu wa kawaida. Mwaka huu imekwenda kwa binti wa mwalimu mkuu mpya. Ana alama nzuri mno. Umuhoza fulani."

Nje, mtu alikuwa akifagia uwanja. Wanawake wale wawili hawakutazamana.

"Sasa," Évode aliendelea, "kama mama huyu anashikilia kwamba marehemu ni wa Gahanga, mimi sina kinyongo. Naweza kuomba kila kitu kirudishwe kilipokuwa. Kaburi litarudi. Binti naye atarudi kuwa wa Gahanga, na fungu la huko limejaa. Nafasi itakwenda kwa Jovia."

Winifred alimgeukia mwenzake na uso wa mtu aliyeona mlango ukifunguka. "Mwambie, dada. Si tumekuja na neno moja?"

Kabagwira aliwaza kaburi, likiwa nyuma ya migomba, mahali ambapo angeweza kulifagia kila Jumapili. Akamwaza Umuhoza, ambaye tangu matokeo yatoke alikuwa akilima bila kusema, akiinua jembe na kulishusha kama mtu aliyeajiriwa na adui.

"Mwacheni alale huko," alisema.

Winifred hakupiga kelele. Alifungua leso yake, akaifunga tena, akaaga, akatoka. Kabagwira alimfuata hadi kwenye lori. Lori lilipoanza kunguruma Winifred alichungulia kutoka juu ya magunia matupu.

"Maua nitayamwagilia," alisema. "Yeye hana kosa."

Umuhoza aliondoka kwenda shule na godoro jembamba na ndoo mpya. Kwenye kuandikishwa aliulizwa kwao ni wapi, akajibu ni kaskazini, akaambiwa karibu mwenyeji.

Cassien alianza kuja nyumbani Jumamosi jioni, jua likizama. Alishuka na lori la viazi na kibali chenye muhuri, na kwenye vizuizi walimpigia saluti kwa ajili ya mkoa wake. Majirani walimwita mwalimu mkuu. Kabagwira alimwekea stuli na pombe ya mtama, naye akaketi na koti lake, akiacha vumbi la kijivu popote alipogusa. Lafudhi yake ilikuwa imebadilika kidogo.

"Shule inakwendaje?" mkewe alimuuliza.

"Vizuri. Mchana siwezi kutoka, kwa hiyo siendi. Wanasema hawaoni tofauti na yule aliyenitangulia."

Kuku walikuwa wakipanda mti kulala.

"Baba Umuhoza, umenikasirikia?"

"Umenipangisha kwa watu."

"Ungefanyaje wewe?"

"Ningefanya vivyo hivyo." Alizungusha kibuyu mkononi. "Na ndilo linalonikera. Jioni yule Jovia akimaliza kuvuna hukaa juu ya kaburi, mgongo kwenye msalaba, nami namfundisha hesabu. Ni mwepesi. Mwepesi kuliko wetu, na usimwambie Umuhoza. Anafanya zile ngumu kwa kijiti kwenye udongo, akimaliza anaziuliza za mbele."

"Na mama yake?"

"Anatuletea taa. Hasemi kitu."

"Atafanyia wapi mtihani mwingine, huyo mtoto?"

Cassien alikunywa, akaomba aongezewe.

Kabagwira alituma maharage kwa lori lile, gunia zima, yaliyochaguliwa vizuri. Juma lililofuata gunia lilirudi na viazi. Hakukuwa na salamu. Aliwapikia wageni, na yeye mwenyewe hakuvila.

Madini hayakuchimbwa. Mashine zilisemwa ziko njiani, halafu zikasemwa ziko bandarini, halafu hazikusemwa tena. Évode alipandishwa cheo, akapewa nyundo ya fedha. Risasi ya kaskazini ilikaa pale ilipohamishiwa, chini ya shamba la Winifred, ikiinua mkoa mzima kwa sentimita kadhaa juu ya mingine, na wakubwa waliokwenda kupumzika kwao walisema hewa ni safi zaidi.

Kisha mwaka 1993 ikaja risasi nyingine. Hii haikuhitaji mtaalamu wala kulambwa. Ilifika ndani ya masanduku ya mbao, kwa malori yaliyofunikwa maturubali, na iligawanywa kilima kwa kilima, kaskazini na kusini, bila mkoa hata mmoja kunyimwa. Wapo waliosema huo ndio uwiano walioungoja siku zote.

Diwani wa Gahanga, mtu mpole aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya, alibisha hodi kwa Kabagwira akiwa na wanaume wachache wa mtaani. Aliuliza habari za Umuhoza shuleni. Akaambiwa nzuri. Akalisifu shimo lililo nyuma ya migomba, jinsi lilivyo kavu masika na kiangazi.

"Tunaomba tuweke mizigo yetu humo, Mama Umuhoza. Kwa muda tu."

"Mizigo gani?"

"Risasi."

Kabagwira aliyatazama masanduku, kisha wanaume, ambao wote aliwajua kwa majina. Wawili Cassien aliwafundisha kusoma.

"Mimi niliambiwa fungu la Gahanga limejaa," alisema.

"Lile lilijaa, mama," diwani alimjibu. "Hili halijai."

Akawapisha. Walishusha masanduku kwa kamba, wakielekezana taratibu, wakiangalia wasivunje migomba. Jua lilikuwa kali. Walipomaliza waliomba maji, Kabagwira akawaletea kwenye jagi la plastiki na kikombe kimoja, wakanywa kwa zamu, wakamshukuru sana.