Ufa Nyumbani kwa Agnes

Jumatatu moja ya mwaka 1953, Stambuli, mlinzi wa bwawa la Mhangala, alikoroga saruji kwenye karai akaziba ufa. Ulikuwa ufa wa urefu wa mtu mzima, umepinda katikati kama kiwiko, na ulikuwa unavuja tangu vuli. Alitumia mwiko wake mwenyewe kwa sababu ule aliopewa ulikuwa umepinda kuliko ufa. Kazi ikatoka safi. Akaisifia kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kuisifia.

Mchana, Agnes, aliyeishi peke yake bondeni chini ya bwawa, alirudi kutoka mjini kuuza kabichi, akaukuta ufa ule ule ukutani kwake, karibu na picha ya Bikira Maria. Ulitoa maji baridi. Akatega debe, akamtoa nje kaa mdogo aliyekuwa anatembea juu ya mto wa kulalia, kisha akapanda bwawani.

"Mtani, umenihamishia mali yako."

"Nilipoona ukuta wangu umepona haraka," Stambuli alisema, "nikajua kuna mwingine kaugua."

Walishuka pamoja. Stambuli aliweka sikio ukutani, akasikia vyura wa bwawa na mnyororo wa mlango wa maji unavyogongagonga.

"Ni wenyewe," akasema.

Jumapili baada ya misa aliwasubiri watu nje ya kanisa. Stambuli alikuwa Mzigua wa Turiani, wao Waluguru, na watu hao ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukwambia utakufa kesho, ukamshukuru.

"Watani zangu, bwawa bovu," alisema. "Masika yakija litabomoka. Twendeni kwa Bwana Maji afungue mlango, maji yapungue."

Watu wakacheka. Mzee Yakobo, mjomba wake Agnes na mkubwa wa ukoo, akasema, "Mzigua huyu anataka tukimbie, abaki anakula ndizi zetu."

Stambuli akavua kofia, akalia machozi ya kweli. Wakacheka zaidi, mama mmoja mpaka akakaa chini. Wakampa kuku, kama anavyopewa mtani aliyeifanya kazi yake vizuri. Akaondoka na kuku kwapani, bado analia.

Bwana Maji, ofisa wa serikali aliyesimamia bwawa, alikuja na pikipiki kukagua wiki iliyofuata. Akaugonga ukuta wa bwawa, akaukuta mzima. Stambuli akamweleza ufa unakoishi siku hizi. Bwana akashuka hadi kwa Agnes, akabisha hodi, akaupima ufa kwa futi kamba. Ulilingana na vipimo alivyochukua bwawani zamani, pamoja na kile kiwiko.

"Ufa ni wangu," alisema, "lakini nyumba si yangu. Kazi yangu ni bwawa, na bwawa ni zima."

"Basi fungua mlango, Bwana," Agnes alisema. "Hata yapungue nusu."

"Yakipungua, mkonge wa Kingolwira utaoshwa na nini?"

Ufunguo ulikuwa kiunoni kwake. Alimshauri Agnes apige lipu, kwani unyevu si mzuri kwa kifua. Ulikuwa ushauri mzuri, na aliutoa bure.

Agnes akaufuata. Alikanda udongo, akaziba ufa, akakalia kigoda kupumzika. Hakupumzika sana. Stambuli alikuja anakimbia, suruali imelowa mpaka magotini: ufa umerudi bwawani, mpana, na mawe yanadondoka. Agnes akachukua jembe, akaubandua udongo wake wote. Maji yakarudi nyumbani.

"Ukiziba kwako, linabomoka kwangu," Stambuli alisema alipopata pumzi. "Nyumba zote za bondeni zinaondoka."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, mvua inakunyeshea wewe peke yako."

"Niambie kama unanitania."

"Natamani."

Agnes alijaribu kulala kwa mjomba wake. Ufa ukamfuata, ukajipanga kwenye ukuta wa Mzee Yakobo. Mzee akaukagua na kibatari.

"Utani wa Wazigua siku hizi umezidi," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi Agnes alirudi kwake na ufa wake, ili kuku wa mzee wasilowe.

Masika yalipokuja, yalikuja kweli. Bwawa lilijaa hadi ukingoni na halikutoa hata jasho. Kwa Agnes maji yalitoka kwa kishindo, yakapita mlangoni, yakateremka shambani. Alilala juu ya meza. Majirani walikuja na ndoo zao, wakateka, wakamshukuru, kwa kuwa kijitoni kulikuwa mbali, na njia inateleza. Wengine walimuuliza mbona anakohoa.

Kila jioni Stambuli alimletea mkaa.

"Ningeuacha ufa ukae kwetu," alisema siku moja. "Nilizidisha ufundi. Nisamehe, mtani."

"Ungeuacha, saa hizi tungekuwa tunaelea mtoni Ngerengere. Na wewe Mzigua kuogelea hujui." Akacheka, kikohozi kikamkata.

Agnes alifariki mvua zikielekea kuisha. Bondeni haikuondoka nyumba hata moja, wala banda la bata.

Mazishini, mtani ana kazi yake. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Stambuli aliruka ndani, akajilaza chali kwenye udongo uliolowa, akakataa kutoka. Hilo lilitegemewa, watu wakasogea karibu.

"Sitoki," alisema, "mpaka mseme wote: bwawa bovu, na Agnes ndiye aliyelibeba."

Wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na padri anasubiri, wakasema wote kwa pamoja, wazee, wanawake, wanakwaya: bwawa bovu, na Agnes ndiye aliyelibeba. Wakasema mara ya pili, kwa sauti nzuri zaidi. Stambuli aliwatazama usoni mmoja mmoja kutoka chini kule. Halafu akanyoosha mkono, wakamvuta.

Mzee Yakobo alisema marehemu angefurahi sana.

Jioni ile mzee alipofika kwake, ukutani kulikuwa na ufa, umepinda katikati kama kiwiko, na sakafu imelowa. Akatega sufuria. Kisha akamtuma mtu apande bwawani amwambie Stambuli kwamba msiba umekwisha, sasa aache utani.