Ndoo ya Asilimia Mbili

Kwenye kambi ya kipindupindu hapa Kibondo, kazi yangu ni kuchanganya klorini. Watu wanadhani ni kukoroga tu. Waje wakoroge. Unga ni uleule na kijiko ni kilekile. Kinachobadilika ni maji. Vijiko viwili kwenye lita arobaini, unanawa mikono. Viwili hivyohivyo kwenye lita kumi, unadeki sakafu. Viwili kwenye lita moja, hiyo ni asilimia mbili, na hiyo ni ya matapishi na maiti. Ndoo yake nimeiandika kwa rangi nyekundu, maana wapo waliotaka kunawa humo.

Tangu mvua zianze nimeshinda na ndoo hizi, na pua yangu imekufa. Sisikii harufu ya mchuzi, ya sabuni wala ya choo, ingawa hiyo ya choo sijaililia. Mdogo wangu Asia, aliyeolewa Kasulu, hulalamika kwamba nikilala kwake hata mto unabaki unanuka klorini wiki nzima. Moyo nao ulifuata pua. Mtu akifa, mimi nauliza tu ndoo ipi imeisha.

Kisha wakamleta mama.

Mama aliuza vitenge sokoni na alijulikana mji mzima kwa usafi na kwa mdomo. Hata kwenye kitanda cha kambi, chenye tundu la haja katikati, alimsema muuguzi kuhusu shuka. Asubuhi aliniita, sauti imekauka, akaniambia, "Nasma, usinizike na harufu ya hapa. Kafuri yangu iko sandukuni." Kafuri hiyo aliinunua zamani akaihifadhi pamoja na sanda, kama walivyofanya mama zake kule Ujiji. Nikamjibu sawa, mama, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani, nikaenda kubadilisha chupa ya dripu.

Adhuhuri haikumkuta. Nilisimama pembeni ya kitanda nikisubiri kilio kije. Hakikuja. Nikaenda kuchanganya.

Asia alifika kutoka Kasulu akiwa amepitia nyumbani na kufungua sanduku. Walimzuia kwenye uzio wa turubai. Alitaka aingie amuoshe mama kwa mikono yake, na daktari akakataa kwa upole, akisema atakayemgusa ni mhudumu wa ndani tu, na dawa itakuwa ile kali. Imamu alipopigiwa simu naye akasema madaktari wafuatwe. Asia hakubishana. Alinipa kitambaa chenye kafuri juu ya uzio.

"Maji ya mwisho yawe ya kafuri, dada," alisema. "Hakuomba kingine."

Tulikuwa wawili humo ndani, mimi na Immakulata. Yeye ni Mkristo, wazazi wake walikuja kutoka Burundi na sasa wana uraia na shamba Kitahana. Alinifunga aproni kwa nyuma, akasema, "Mpore, dada," neno la kufariji kwa lugha ya kwao, halafu akaenda kusimama miguuni pa mama.

Niliisaga kafuri, nikamwaga nusu yake kwenye ndoo nyekundu. Ikaelea. Nikakoroga mpaka bega likauma, ikaelea vilevile. Kafuri na maji hawaelewani. Inayeyuka chembe tu, inayobaki inazunguka juu kama makapi ya mchele, na makapi hayo yangeziba bomba la kupulizia. Spiriti ingeiyeyusha yote, lakini spiriti na klorini ukivikutanisha unatengeneza sumu. Niliwatukana wote watatu, kafuri, maji na spiriti, kimoyomoyo.

Hapo nikaishika ndoo ya maji matupu. Nilifikiri kuongeza. Lita chache tu, na asilimia mbili ingekuwa dawa ya sakafu. Ngozi ya mama isingebabuka na ile harufu asiyoitaka ingepungua. Nani angejua? Immakulata alikuwa amesimama miguuni pa mama, tayari kumwinua, watoto wake wakiwa nyumbani. Nikaiweka ndoo chini. Nikachanganya nyingine, kali kama inavyotakiwa.

Nilimpulizia mama uso, nywele, tumbo, miguu. Nilimpulizia kama ninavyowapulizia wengine, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Tulipokuwa tukisubiri dawa ifanye kazi, nikakumbuka alivyozikwa bibi: wanawake hawakuishia kwenye maji ya kafuri, waliisaga wakampaka pale panapogusa chini wakati wa kusujudu. Huko haihitaji kuyeyuka. Nilichukua unga wa kafuri uliosalia nikaubandika kwenye paji la uso, puani, viganjani, magotini na kwenye vidole vya miguu. Immakulata akafunga zipu ya mfuko wa maiti.

Nilivua glavu, mbili kila mkono, nikanawa kwenye maji ya mikono, nikatoka hadi kwenye uzio.

"Umeiweka?" Asia aliuliza.

"Nimeiweka."

"Inanukia?"

Ningeweza kusema ndiyo, likaisha. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Nikamwambia sijui, pua yangu haisikii kitu.

Asia alinyoosha mikono juu ya turubai, akaishika yangu, akaivuta hadi puani kwake. Alivuta pumzi ndefu, macho kayafumba. Akavuta tena.

"Kafuri," akasema. "Kafuri tupu, dada. Mama kaondoka ananukia."

Mikono ile ilikuwa ndani ya glavu muda wote, na klorini niliyonawia ilikuwa bado haijakauka. Asia, ambaye huanika mito juani nikiondoka kwake, aliendelea kuishikilia puani kana kwamba hataki harufu ile iishe. Ndipo nikalia.