Pimamaji ya Kiema

Mume wangu Kiema anauza viatu hapa mjini Machakos, na kazi hiyo, kwa maelezo yake, inamtosha mtu kuwa fundi wa vigae. Alitazama video kwenye simu, akalala, akaamka fundi.

Kilichomsukuma ni mama yake, ambaye sote tunamwita Mwaitu. Anaishi peke yake kule Katangi, nyonga inamsumbua, na anaoga nje kwenye kibanda cha mabati, juu ya mawe. Pasaka aliteleza humo. Tukamsihi ahamie kwetu, akasema atakuja kujaribu. Bafu letu likimtisha, anarudi kwake na tusimsumbue tena. Nilitaka sana aje. Nampenda yule mama, na kila simu ya asubuhi kutoka Katangi ilinipasua moyo kabla sijaipokea. Kiema naye humtembelea kama mtu aliyeacha sufuria motoni: anashusha unga, anauliza hali akiwa mlangoni, anaondoka.

"Tumwite Titus," nilimwambia. Titus ndiye aliyeweka vigae vya kanisa letu.

"Titus wa nini? Hii bafu ni kadogo hivi. Ni kazi ya Jumamosi moja tu."

Jumamosi hiyo ilichukua mwezi mzima. Tulikuwa tukienda kuoga kwa jirani na taulo mabegani, na watu wakitusalimu njiani kwa huruma. Vigae vya pembeni alivikata vikatoka na meno, akanieleza kwamba ndio mtindo. Gundi ilimkaukia kwenye ndoo, pamoja na mwiko wangu wa ugali, ambao hakuniomba.

Lakini pimamaji, kile chombo cha kupimia usawa! Aliinunua mpya, ya manjano, akaipenda kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Kila kigae kilipimwa, kikagongwa kidogo, kikapimwa tena. Siku moja aliniita nikiwa nakanda chapati, mikono imejaa unga, nije nione kiputo kilivyotulia katikati ya kioo.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa."

"Hapana, angalia vizuri. Iko sawa sawa!"

Kweli ilikuwa sawa. Yai ungeliweka pale lingekaa.

Mwaitu alifika na kiondo chake cha nguo. Tukamwekea kiti cha plastiki na karai la maji ya moto, akafunga mlango. Kiema alisimama nje amekunja mikono, anangoja sifa.

"Kiema!" Mwaitu aliita. "Haya maji yanaenda wapi?"

"Kwa shimo, Mwaitu!"

"Mbona yamekataa?"

Yalikuwa yamekataa kabisa. Sakafu ya bafu inatakiwa kuinama kidogo kuelekea kwenye tundu, lakini ya Kiema ilikuwa sawa pande zote, kwa hiyo maji hayakuona sababu ya kuhama. Chombo kinaitwa pimamaji, na kilikuwa kimepima kila kitu isipokuwa maji.

Niliingia nikamtoa Mwaitu hatua kwa hatua, roho mkononi, nikijua sasa ataitisha kiondo chake. Kiema alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kukausha.

Mwaitu hakuondoka, na tangu hapo Kiema anafunga duka mapema. Kila jioni anakausha sakafu, anatandika gunia, anamshika mama yake mkono mpaka kwenye kiti. Mama akimaliza kuoga, yeye anarudi kukausha tena. Mwaitu hukaa mlangoni amejifunga leso, anamwonyesha pembe alizoruka, na hapo wanaongea. Mbuzi, mvua, marehemu baba. Kukausha kunachukua muda mrefu ajabu.

Mimi nikaona aibu imetosha. Nikampigia Titus aje abomoe, aweke upya. Mwaitu, aliyekuwa jikoni akichambua ndengu, alinisikia.

"Munyiva, huyo fundi usimwite."

"Lakini Mwaitu, si unaona ile sakafu ni mbaya?"

"Ni mbaya sana," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Lakini ikitengenezwa, Kiema atakuwa anakuja kwangu kufanya nini?"

Nikampigia Titus tena, nikamwambia asije, sakafu iko sawa.