Jagi Lililofungwa Mkanda

Jagi lilikaa kiti cha nyuma peke yake, limefungwa mkanda kama abiria. Amour ndiye aliyelifunga. Aliponiona natabasamu kwenye kioo alisema, "Cheka tu, Bwana Kasian. Likianguka hili, mtasema Amour kaliangusha makusudi." Akatia gia, tukatoka Al Quoz, mtaa wa viwanda wa Dubai, kuelekea Marina, wazee wawili tuliokuwa hatusemezani vizuri tangu mkutano uliopita, na kila tulipopita tuta abiria wetu wa plastiki alitoa mlio kama kayamba.

Lilikuwa jagi jekundu la kawaida, lile kubwa la kutunza maji baridi ambalo kila mtu wa viwandani hupanda nalo basi la kampuni asubuhi. Maji hayakuwemo. Ndani mlikuwa na kokwa za tende na punje za dengu, ambazo ndizo zilikuwa kura za wenzetu wasioweza kufika mkutanoni siku ya Ijumaa. Kifuniko kilitobolewa tundu, na juu ya tundu tukafunga mkono wa ovaroli kuukuu. Mpiga kura hupewa kokwa moja na dengu moja, akapenyeza mkono humo, akaachia anachokitaka. Kinachobaki huondoka nacho mfukoni. Kokwa ni ndiyo, dengu ni hapana. Mtindo huo niliukuta. Wengine wetu hawakubahatika kusoma, na isitoshe, mlinzi wa geti akiona sanduku huuliza maswali. Akiona jagi, huona kiu tu.

Swali la mwaka ule wa 2014 lilikuwa moja: umoja wetu wa watu wa Afrika Mashariki ubaki na chumba chake cha kupanga mtaani Karama, au ukiache? Hapo ndipo walipolala wanawake wetu waliomaliza kazi moja na kungojea nyingine. Ufunguo alikuwa nao Redempta, mpishi wa mkahawa uliokuwa chini ya jengo hilohilo.

Kwangu mimi haikuwa hoja ya kujadiliwa. Rosina, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Marina, na madam wake alikuwa anahama nchi mwisho wa mwezi. Kazi mpya ilikwisha kupatikana, lakini karatasi zake zilihitaji muda. Kati ya mlango mmoja kufungwa na mwingine kufunguliwa, angelala wapi? Mimi nilikaa kwenye makazi ya kampuni Al Quoz, vyumba vya wanaume watupu, vitanda juu kwa juu. Nilikuwa mtu wa kuheshimika. Nilikuwa nimejisomea shule ya jioni mpaka nikaandika barua za Kiingereza za wenzangu wote. Yote hayo yalinipa ushauri wa kumpa mwanangu. Hayakunipa kitanda cha kumpa.

Amour hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mwenyekiti wetu, Mzanzibari muuza vipuri vya magari, na gari lake lilishawafikisha wengi wetu hospitali. Lakini watu wa manispaa walikuwa wakikagua vyumba vya kupanga kwa kuchangia, naye aliogopa. "Siku watakapogonga mlango," alituambia, "jina lililo kwenye mkataba ni langu mimi, si lenu." Hofu hiyo niliielewa. Lililonishinda ni lile alilolisema baadaye, tulipokutana nyuma ya mkahawa, saa ambazo wateja wa mchana wamekwisha na wa jioni bado.

"Na mwaka huu hapana jagi. Khalas. Anayetaka kupiga kura aje hapa Ijumaa, kwa miguu yake. Jagi linazunguka mji mzima, nani anajua limefunguliwa wapi?"

"Mwenyekiti," alisema Redempta, akiwa bado na mwiko mkononi, "Ijumaa ndiyo siku madam zao wana wageni. Aje nani hapa, sufuria?"

Watu wakacheka. Joweria, Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye jengo moja la Marina, hakucheka. "Mimi Ijumaa niko zamu, Mzee. Mlango wa nyuma. Sasa niubebe huo mlango nije nao Karama?"

"Sheria ni sheria," Amour akasema.

Ndipo Redempta alipoweka mwiko mezani na kusimama wima. "Nimesimama kwa ajili ya Jalia," alisema. "Yuko jikoni kwa watu, hajui tunasema nini hapa." Hakuketi. Joweria akasimama pia, akataja jina la mlinzi mwenzake. Akasimama fundi rangi mmoja kwa ajili ya kikosi chake kizima, akataja jina baada ya jina. Viti vilikwaruza sakafu. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri njia nzima, yenye utangulizi na hitimisho; nilipoinuka, yote ikanipotea. Nilisema tu, "Kwa ajili ya Rosina."

Mkutano wa watu waliosimama ni mgumu kuuongoza. Amour alitutazama, akajifuta paji la uso.

"Haya. Jagi litalindwa na nani?"

"Na wewe," nilimjibu.

Kicheko kilichozuka kilimfanya mpishi mwenza wa Redempta achungulie kutoka jikoni. Lakini Amour alikuwa mtu wa heshima yake, na mtu wa namna hiyo ukimtwisha mzigo mbele ya watu hautui. "Nitalibeba mwenyewe," alisema. "Na tepu nitaifunga mwenyewe, na sahihi yangu juu yake. Ikipasuka hiyo tepu kabla ya Ijumaa, kura zote za humo ni takataka. Mmekubali?"

Tukakubali.

Ndivyo tulivyojikuta Alhamisi ile Marina, kwenye mlango wa nyuma wa jengo la Joweria, baada ya kuwapitia watu wa Al Quoz wakisubiri mabasi yao. Joweria alipiga kura yake haraka, macho kwenye kamera. Rosina, aliyefanya kazi jengo hilohilo, alikuwa na nafasi moja tu: kumteremsha mbwa wa madam kabla ya magharibi. Tukangoja. Wateremshaji wa mbwa wengine walipita. Rosina hakutokea.

Aliyetokea ni msimamizi wa walinzi, kijana mrefu mwenye redio begani. Alituuliza kwa Kiingereza tunafanya nini pale na ndani ya jagi mna nini.

"Maji, sir," nilimjibu upesi mno.

Alilichukua mkononi mwa Amour, akalitikisa. Mlio ule haukuwa wa maji. Uso wake ukabadilika. "Lifungue."

Nilimtazama Amour. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu kuinua mabega, akamwachia kijana yule achane tepu, na kura za watu wale wote zingekuwa takataka kwa makubaliano yetu wenyewe. Hata mimi nisingekuwa na la kumlaumu.

Amour aliweka kiganja juu ya kifuniko.

"Hili halifunguliwi, sir. Si leo."

"Kwa nini?"

"Ni kokwa za tende na dengu. Chukua kitambulisho changu. Ita polisi ukitaka, nitangoja nao."

Kijana aliduwaa. "Kokwa za tende? Na umezifunga kwa tepu?"

"Nimezifunga," Amour alisema, "kwa sababu ni za watu."

Msimamizi alimgeukia Joweria. Joweria alisimama kikakamavu kama askari wa gwaride, akasema ni kweli, sir, nawafahamu wazee hawa, ni wa chama chetu. Kijana alilisogeza jagi sikioni, akalitikisa tena, polepole safari hii. Sijui alisikia nini. Alilirudisha. "Dakika tano," alisema, "halafu sitaki kuwaona."

Lifti ikafunguka. Rosina akatoka, akivutwa na mbwa mkubwa kuliko uwezo wake.

"Shikamoo baba mdogo! Madam alikuwa anazungumza na simu, haishi!"

"Marahaba. Tumbukiza kwanza, salamu baadaye."

Aliingiza mkono, mbwa akinusa ovaroli. Akaenda. Sisi tukarudi garini, tukapita mataa mawili matatu.

"Nidhani umegeuka?" nilimuuliza Amour.

"Dengu yangu ya kesho iko palepale, yakhe. Na bado naogopa manispaa." Akapiga honi bila sababu.

Ijumaa tulihesabu kwa kuoza, kama kawaida yetu: kila kokwa inaozwa dengu, wanandoa wanawekwa kando, na upande utakaobaki na makapera ndio umeshinda. Kura za waliofika mkutanoni zilitangulia. Dengu zilibaki nyingi kwenye sinia, zimenona, zimejaa kiburi. Redempta alitazama dari. Kisha Amour akaonyesha tepu kwa kila mtu, akaikata, akamimina jagi, akaanza kuoza kwa vidole vyake mwenyewe, bila haraka. Dengu zilipungua. Zikaisha. Kwenye sinia zikabaki kokwa chache za kahawia, hazina mwenza.

"Mwaka huu makapera wa Dubai wameshinda," Amour alisema. "Chumba kinabaki. Na mkataba unabaki na jina langu, Mungu anisaidie."

Mwisho wa mwezi nilipanda ngazi za Karama nikiwa na mfuko wa machungwa. Wanaume hatukuruhusiwa kuvuka kizingiti. Redempta alifungua mlango kidogo, kidole mdomoni.

"Amelala, Kaka Kasian. Tangu alipofika. Hata viatu hakuvua."

"Usimwamshe."

"Nani amwamshe?" Akapokea machungwa, akafunga mlango taratibu.

Niliteremka mpaka mtaani, nikaketi kwenye kiti cha plastiki cha mkahawa, nikaagiza chai ya maziwa. Nilipoimaliza nikaagiza nyingine.